Mazungumzo ya Ufuoni Juu ya Tamaa

Ziko shule zenye kuta, kengele na madaftari, na iko shule nyingine isiyo na kimojawapo cha vitu hivyo. Shule hii ya pili ni mazungumzo ya marafiki. Haina mtihani wala cheti, lakini wengi wetu tulijifunza humo mambo tuyaaminiyo juu ya mtu na tabia yake kabla hatujafungua kitabu hata kimoja. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za mazungumzo ya namna hiyo katika ukingo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, na kuonyesha ya kuwa swali dogo liulizwalo jioni na watu waliochoka laweza kuwa na historia ndefu nyuma yake, na mashaka makubwa mbele yake.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Siku za Jumamosi, kazi ya kusahihisha ikiisha, hupenda kwenda Dunga, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mji wa Kisumu, nikaketi na wenzangu watatu. Wa kwanza ni mwalimu mwenzangu afundishaye hesabu. Wa pili ni fundi wa mashua, mtu mzima ambaye sote humwita Jaduong', yaani mzee mwenye heshima. Wa tatu ni mama mchuuzi wa samaki, ambaye hukaanga mgongo wazi kando ya njia na kutupa maneno yake katika mazungumzo yetu bila kuacha kugeuza samaki katika karai.

Jumamosi moja alipita kijana amebeba beseni la samaki wachanga, wengi wao hawakuzidi urefu wa kidole. Ilikuwa dhahiri kwamba walikuwa wamevuliwa kwa wavu wenye macho madogo, ambao sheria imeukataza. Mwalimu wa hesabu akatikisa kichwa, akasema:

"Tazameni. Mtu anajua ya kuwa akimla mtoto leo hatampata mama kesho, na bado anamla. Mimi nasema mtu amezaliwa na tamaa kama alivyozaliwa na meno."

Jaduong' akacheka, akajibu, "Lakini, Mwalimu, mtoto hazaliwi na meno. Humwota baadaye, akisha kunyonya. Na tamaa nayo humwota mtu baadaye, akisha kuona vitu."

Tukacheka sote. Mama peke yake hakucheka. Akasema, "Ninyi mnazungumza kama watu walioshiba. Yule kijana namjua, na watoto wake nawajua. Tamaa ni jina ambalo mwenye shibe humpa mwenye njaa."

Hapo tukanyamaza. Katika maneno machache kila mmoja alikuwa amesimamisha hoja yake kama mtu asimamishavyo nguzo ya nyumba. Wa kwanza alisema tamaa ni sehemu ya maumbile. Wa pili alisema ni kitu ajifunzacho mtu kwa macho yake. Wa tatu alisema kwamba kabla ya kuihukumu tamaa yafaa kwanza tuitenge na haja, maana mtu mwenye haja si sawa na mtu mwenye tamaa, hata kama mikono yao hufanya kazi moja.

Katika kikao kile alikuwapo pia mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Njiani tukirudi akaniambia kwamba baba yake alikuwa amempelekea ujumbe atume fedha zake za akiba zikanunue wavu wa macho madogo, kwa kuwa wavu wa macho mapana ulikuwa hauleti kitu tena. "Mwalimu," akaniuliza, "nitume au nisitume? Nisipotuma, wadogo zangu hawatarudi shuleni muhula ujao. Nikituma, mimi ndiye yule kijana wa beseni." Nilimwomba anipe wiki moja. Yafuatayo ndiyo niliyoyakusanya katika wiki ile, nikayaongeza baadaye.

Kwanza, swali lenyewe ni kongwe. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, wanafalsafa wawili wa China walilibishania. Mmoja, Mencius, alisema mtu huzaliwa na mbegu ya wema. Akatoa mfano wa mtoto mdogo akaribiaye kutumbukia kisimani, ambaye kila amwonaye hushtuka moyo kabla hajafikiri faida wala sifa. Mwingine, Xunzi, aliyekuja baada yake, alisema maumbile ya mtu ni mabaya na wema wake ni kazi ya mafundisho, kama ubao uliopinda unyooshwavyo kwa nguvu. Basi mwalimu wa hesabu angeweza kuketi na Xunzi bila ya kutofautiana naye sana. Wala sidhani kwamba mvuvi yeyote wa Dunga angebisha mfano wa Mencius, maana mtoto akianguka ziwani hakuna aulizaye ni wa nani kabla ya kujitosa.

Lakini hatuna haja ya kwenda China ili tuwapate watu waliofikiri. Wajaluo wa ukingo huu walikuwa na majumba mawili ya mazungumzo. La kwanza ni siwindhe, nyumba ya bibi kizee aitwaye pim, ambamo watoto walilala na kusikia hadithi, vitendawili na mafundisho ya tabia. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya nchi ya Siaya kilichotoka mwaka 1989, wanaeleza kwamba pim aghalabu hakuwa mzaliwa wa ukoo ule aliokuwa akiulea, kwa hiyo alileta maarifa ya mahali pengine na kuwafungua watoto macho waone dunia iliyo pana kuliko boma lao. La pili ni duol, kibanda cha mwenye mji, ambamo wanaume waliota moto jioni na kuzungumza mambo ya mashamba, ya kesi na ya maisha. Yaliyosemwa humo hayakuandikwa, na kwa sababu hayakuandikwa wageni wengi walidhani hayakuwapo.

Mwaka 1945 padri mmoja wa Kibelgiji aliyefanya kazi Kongo, Placide Tempels, alitoa kitabu chenye kudai kwamba Wabantu wanayo falsafa yao. Kwa siku zile ilikuwa kauli ya kuwaheshimu Waafrika. Hata hivyo kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: kilizungumza kana kwamba taifa zima lina wazo moja, na kwamba hapana mtu ndani yake anayebishana na jirani yake. Yeyote aliyepata kukaa ufuoni jioni moja anajua kwamba jambo hilo si kweli. Watu watatu tu wa Dunga walikuwa na mawazo matatu.

Aliyelitia jambo hili mkazo ni Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya katika nchi ya Siaya, aliyeishi tangu mwaka 1944 hata 1995. Alisoma falsafa Uppsala, nchini Sweden, na baadaye akawa mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu miaka ya 1970 alikwenda vijijini kuketi na wazee wenye hekima, akawauliza maswali na kuandika majibu yao pamoja na majina yao. Hakutaka kusikia "Wajaluo husema hivi" au "mila yetu yataka hivi" peke yake. Aliuliza: na wewe mwenyewe wasemaje, na kwa sababu gani? Aliwatenga wazee waliojua vizuri mawazo ya watu wao na wale wengine waliothubutu kuyapima na kuyapinga. Kazi hiyo ilikusanywa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1990. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwamo baba yake mwenyewe, Oruka Rang'inya.

Mzee mwingine katika kitabu hicho ni Paul Mbuya Akoko, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki 1981, ambaye alipata kuwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa kimila wa Luo Union. Alipoulizwa kama mwanamume ni bora kuliko mwanamke, alijibu kwamba ikiwa mwanamume hukimbia kasi zaidi, mwanamke naye huweza kubeba mimba na kustahimili uchungu wa kuzaa, jambo ambalo mwanamume haliwezi. Basi ubora utoke wapi? Tazama, ewe msomaji, jinsi jibu hili lisivyotegemea kauli ya mababu. Lategemea hoja, na hoja yaweza kupimwa na mtu yeyote. Kuna jibu lake jingine lihusulo swali letu la tamaa, lakini nitalirudia baada ya kueleza habari za ziwa, maana bila ya ziwa jibu lile halionyeshi uzito wake.

Mji wa Kisumu wenyewe ni mtoto wa reli. Hapo kwanza wapimaji walikusudia reli iishie Port Victoria, kaskazini zaidi, karibu na mpaka wa Uganda. Baadaye shabaha ikabadilishwa ikawa ghuba ya Winam, na mwezi wa Desemba 1901 reli ikafika mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina hilo halikudumu. Lililodumu ni Kisumu, ambalo wazee hulieleza kuwa latokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu. Hivyo mji huu umebeba neno la haja katika jina lake.

Kabla ya reli wavuvi walitumia vikapu, mishipi, na nyua za matete zilizozuia mito wakati samaki wapandapo kuzaa. Nyua hizo aghalabu zilikuwa na wenyewe, yaani ukoo fulani ulijulikana kuwa ndio wenye mahali fulani. Samaki aliyevuliwa aliliwa, aligawiwa, alikaushwa juani au alibadilishwa kwa nafaka. Hapana mtu aliyeweza kutamani samaki zaidi ya wale alioweza kuwakausha kabla hawajaoza.

Mwaka 1905 nyavu za kitani kutoka Ulaya ziliingia katika ghuba ya Winam. Zilikuta mambo mawili yakizingoja: reli iliyoweza kuwapeleka samaki mbali, na kodi ya kibanda iliyomlazimisha kila mwenye nyumba kutafuta fedha. Windo kubwa lilikuwa ngege, samaki mtamu ambaye jike lake hutunza mayai na watoto kinywani. Kwa hiyo avuaye jike mmoja katika wakati ule huua kizazi kizima. Hapo mwanzo wavu mmoja uliotegwa usiku ulileta makumi ya ngege. Haikupita miaka mingi idadi ile ikashuka, na wavuvi wakaanza kupunguza macho ya nyavu zao ili wapate waliobaki.

Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu wa samaki, Michael Graham, aliyelichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928. Taarifa yake iliyotolewa 1929 ilishauri kwamba macho ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege wachanga wapite, wakue na wazae. Shauri lile likawa sheria, lakini sheria ilikuwa na walinzi wachache katika ziwa kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, ambazo hazikuoza upesi na zilivua zaidi. Kati ya miaka ile na mwanzo wa miaka ya 1960 sheria ya inchi 5 iliondolewa katika nchi zote tatu za ziwa. Watu wakakimbilia macho madogo, na ngege akapungua mpaka akawa kama hayupo katika ziwa kubwa. Amesalia katika maziwa madogo ya kandokando, kama Ziwa Kanyaboli katika bwawa la Yala. Kijana wa leo aagizaye ngege hotelini mjini Kisumu aghalabu huletewa samaki wa jamii nyingine, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950. Jina limebaki, mwenye jina ameondoka.

Katika miaka ile ile ya 1950 na mwanzo wa 1960 sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alitiwa ziwani. Kwa miaka ishirini hivi hakusikika sana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akajaa katika maji ya Kenya, akawala samaki wadogo, na aina nyingi, mia kadhaa kwa hesabu ya wataalamu, zikatoweka au zikabaki chache mno. Viwanda vya kukata minofu vikafunguliwa Kisumu, minofu ikapelekwa Ulaya, na wakazi wa ukingoni wakabaki na vichwa na mifupa, ambayo ndiyo ile mgongo wazi aikaangayo mama yetu wa Dunga. Sangara naye alipopungua, wavuvi walirudia mchezo wa ngege: macho ya nyavu yakapunguzwa, na kokoro, wavu mrefu uvutwao mpaka ufuoni ukizoa mayai na watoto pamoja, ukaendelea kutumika gizani ijapokuwa sheria iliukataza.

Jumamosi iliyofuata niliwasomea wenzangu habari hizi. Mwalimu wa hesabu akapiga paja lake kwa furaha. "Sikusema?" akauliza. "Mara ya kwanza ngege, mara ya pili sangara. Mtu ni yule yule. Hata mtaalamu mmoja wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote haina budi kuharibika, kwa sababu kila mmoja hupata faida yake peke yake, na hasara huigawanya kwa wote. Hiyo ni hesabu tu."

Jaduong' akajibu, "Hesabu yako haikuuliza nyua za matete zilikwenda wapi. Zile zilikuwa na wenyewe. Wavu ulipokuja, kila mwenye fedha alitega popote. Mnasema mtu ni yule yule. Mimi nasema mahali pamebadilika."

Hapa sina budi kusema kweli, ijapokuwa moyo wangu ulikuwa upande wa Jaduong'. Hoja yake ina tundu. Wavuvi wa zamani hawakumaliza samaki, lakini hatuwezi kusema kwa hakika kwamba waliwaacha kwa hiari. Yawezekana hawakuwa na vyombo vya kuwamaliza. Mtu asiye na upanga hasifiwi kwa kutochinja. Historia ni shahidi mwaminifu, lakini hujibu lile tu aliloulizwa. Haifai tumtie maneno kinywani ili atusaidie kushinda ubishi.

Ndipo nilipowaletea jibu la pili la Mzee Mbuya Akoko. Odera Oruka alimwuliza juu ya ujamaa wa Waafrika wa zamani, jambo ambalo katika miaka ya 1960 na 1970 lilisifiwa sana na viongozi wetu. Wengi walitazamia mzee aseme kwamba babu zetu walikuwa wakarimu, wasio na choyo, wenye kugawana kila kitu. Mzee hakusema hivyo. Alisema kwamba Wajaluo wa zamani hawakugawana mali kwa ukarimu mtupu. Ujamaa wao ulikuwa wa ushirikiano. Mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa majirani wasio na ng'ombe ili wawatunze. Hakuwapa kabisa, ng'ombe walibaki wake. Lakini kila mji ulikuwa na ng'ombe wa kuchunga, na kila mtoto alikuwa na maziwa ya kunywa.

Fikirini maana ya jibu hili. Mwenye ng'ombe hakuwa malaika. Naweza kuongeza kwa fikira zangu mwenyewe kwamba alikuwa na faida zake: ng'ombe waliotawanywa hawafi wote kwa ugonjwa mmoja, wala hawaibwi wote usiku mmoja, tena hutunzwa na mikono mingi. Tamaa ya mali alikuwa nayo. Asiye na ng'ombe naye hakuwa malaika. Aliwatunza kwa sababu alitaka maziwa. Ila tamaa ya mmoja na haja ya mwingine zilipangwa zikavuta kamba upande mmoja. Basi jibu la mzee lampa kila mmoja wa rafiki zangu sehemu yake. Mwalimu wa hesabu anapata hili, kwamba tamaa ipo na haifai kuikana. Jaduong' anapata hili, kwamba mpango wa watu hubadilisha kazi ya tamaa. Na mama anapata lililo kubwa kuliko yote, kwamba hapana mpango utakaosimama ikiwa jirani hana maziwa.

Yafaa kutaja ya kuwa katika mwaka ule ule wa 1990 kilipotoka kitabu cha Odera Oruka, mwanamke mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, alitoa kitabu kilichojibu kauli ya Hardin. Alichunguza malisho ya milimani Uswisi, misitu ya Japani, mifereji ya maji ya Hispania na mahali pengine ambapo watu wametunza mali ya wote kwa miaka mingi sana. Aliona kwamba waliofaulu walikuwa na mipaka iliyojulikana, sheria zilizotungwa na watumiaji wenyewe, wasimamizi waliowajibika kwao, na adhabu iliyoanza ndogo ikakua kwa mkosaji sugu. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Katika miaka ya 2000 Kenya nayo iliunda kamati za usimamizi wa fuo, ambazo ndani yake wavuvi, wenye mashua na wachuuzi huchagua viongozi wao. Baadhi zimefanya kazi njema. Nyingine zimeshindwa, hasa pale kiongozi wa kamati ndiye mwenye kokoro.

Mama alipokuwa akiyasikiliza haya aliweka kijiko chake chini. Akatukumbusha habari ambayo wanaume wa ukingoni hawapendi kuizungumza. Samaki walipokuwa adimu, mwanamke mchuuzi asiye na mashua alijikuta chini ya huruma ya mwenye mashua, na wavuvi wengine walidai kwake zaidi ya fedha, wakamvunjia utu wake na kumhatarisha kwa maradhi. Watu walisema ni tabia ya wanaume, haibadiliki. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake wa ufuo wa Nduru, usio mbali na Kisumu, walipata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wawavulie, na mwenye samaki akawa yeye mwenyewe. Haikuwa tiba ya milele. Mashua huchakaa, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliwafukuza watu wa ufuo ule makwao. "Hata hivyo," akasema mama, "tuliona. Wanaume wale wale, ziwa lile lile, ila mashua imegeuka mikono. Msiniambie tena habari za maumbile mpaka mmeniambia mashua ni ya nani."

Mwalimu wa hesabu hakupiga paja lake mara hii.

Nikarudi chuoni na kumwambia mwanafunzi wangu yote niliyoyapata. Nilimweleza juu ya ngege, juu ya Graham, na juu ya ng'ombe wa Mzee Mbuya. Nikamshauri asitume fedha za wavu wa macho madogo. Alikwenda kwao likizoni, akamweleza baba yake maneno yangu. Aliporudi aliniletea jibu, na jibu lile sijalisahau. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu wako amesema kweli tupu. Mwambie basi anipe ng'ombe wa kutunza, nami nitauacha wavu."

Niliona haya. Nilikuwa nimemhubiria mtu mwenye haja juu ya mpango mwema, na mimi mwenyewe sikuwa ndani ya mpango huo. Jumamosi ile niliwapelekea wenzangu jibu la mzee yule. Hapana aliyebishana. Tukachanga, kila mtu kwa uwezo wake, na mama akatoa sawa na sisi, tukanunua wavu wa macho mapana unaokubaliwa na sheria. Hatukumpa mzee zawadi. Tuliandikiana kwamba wavu ni wetu mpaka bei yake irudi kidogo kidogo, na kwamba samaki wake atamwuzia mama kwa bei ya ufuoni. Ziko wiki analipa, na ziko wiki ziwa halimpi kitu na hatumdai. Mwalimu wa hesabu ndiye atunzaye daftari, na ijapokuwa bado anashikilia kwamba mtu amezaliwa na tamaa, sijamsikia akilalamika juu ya wiki zisizolipwa. Wadogo wa mwanafunzi wangu walirudi shuleni, ingawa walichelewa.

Sisemi kwamba wavu mmoja umeliokoa ziwa. Kwa maji mapana namna ile wavu mmoja ni kama punje ya mtama katika ghala. Nalisema kwa sababu lilinifundisha jambo juu ya mazungumzo yenyewe. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiuliza, "Mtu ni mwema au ni mbaya?" na tulikuwa tukiuliza kama watazamaji, kana kwamba mtu huyo ni samaki aliye katika beseni la mwingine. Mzee yule alitugeuza tukawa ndani ya swali. Tangu siku ile, kila aletaye hoja juu ya tamaa ya watu huulizwa kwanza: na wewe, katika jambo hili, unashika kamba ya upande gani?

Wapenzi wasomaji, wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na historia ya ngege yawatetea. Lakini methali hii haituambii tufanye nini na tamaa ambayo haitaki kwenda nyuma. Siwindhe, duol, na vikao vya Odera Oruka na wazee wake vilianza hapo methali inapoishia. Nanyi mnapoketi chini ya mti wa shule au kando ya maji, msione haya kubishana juu ya mambo makubwa. Bishaneni kwa heshima, toeni sababu, sikilizeni mwenye njaa kabla ya mwenye shibe, na lile mtakalokubaliana kuwa kweli, tazameni mnaweza kulifanya nini kabla ya Jumamosi ijayo.